Mguu wa Mwanafunzi Wangu na Jibu Nililolitoa Bila Kuuliza



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi, leo sikuja na somo la nahau wala la mirathi. Nimekuja na habari ya mfupa uliovunjika, na ya neno nililolisema kwenye simu usiku mmoja wa mwaka 2019, ambalo mpaka leo linanikosesha raha. Nimesomesha madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, kwa zaidi ya miaka ishirini, na umri wangu umevuka arobaini na tano. Naandika kwa idhini ya kijana mwenyewe na mama yake. Majina yao nimeyahifadhi.

MGUU WANGU MIMI

Mwaka 2013 nilikuwa natoka Rumonge kuwasalimia wazee. Taksi-moto niliyopanda iliteleza kwenye mchanga, ikaniangukia mguu wa kulia. Nilisikia kabisa mlio wa mfupa. Ulikuwa mfupa wa ugoko, ule mrefu wa mbele kati ya goti na kifundo cha mguu, ambao wengine huuita muundi. Ulikatika katikati, lakini ngozi haikupasuka.

Baadhi ya jamaa walitaka nipelekwe kwa mzee anayeunga mifupa kwa vijiti na majani. Kaka yangu mkubwa akakataa, nikapelekwa hospitali. Siku ya nne daktari wa mifupa akanitia msumari. Usidhani ni msumari wa seremala. Ni fimbo ndefu ya chuma, nyembamba kuliko kidole changu kidogo, inayoingizwa kupitia chini ya pia ya goti. Inapita ndani ya mfupa, mahali pa uboho, mpaka karibu na kifundo. Kisha inafungwa kwa skrubu juu na chini ili mfupa usizunguke wala usifupike. Pale penyewe palipovunjika hapakupasuliwa.

Baada ya siku chache nilisimama kwa magongo. Mwezi wa tatu nilikuwa nimerudi mbele ya ubao. Lililobaki ni maumivu ya mbele ya goti ninaposujudu kwenye sakafu ngumu, na daktari alikuwa amenitahadharisha mapema kwamba huwapata wengi waliotiwa msumari. Alhamdulillah.

Hapo ndipo shetani aliponipata. Nilianza kujiona mjuzi wa mifupa. Mtu akivunjika mguu mtaani, nilikuwa nampandishia kanzu nimwonyeshe kovu dogo chini ya goti. Nilikuwa nasema: msumari ndiyo dawa, mengine yote ni ya zamani.

SIMU YA USIKU

Mwaka 2019 mwanafunzi wangu mmoja wa miaka kumi na saba aligongwa na gari kwenye barabara iendayo Gatumba, akiwa juu ya baiskeli amebeba mikate ya mjomba wake. Mfupa wa ugoko ulivunjika ukatokeza nje ya ngozi. Alipokelewa hospitali moja ya hapa mjini. Wakamchoma sindano za kuzuia usaha, wakamfunga kidonda, na daktari wa zamu akamwambia mama: usiku huu huu tumwingize chumba cha upasuaji, tuoshe kidonda kwa ndani, tuondoe nyama iliyokufa, kisha tufunge mfupa kwa vyuma vya nje.

Mama yule ni mjane. Hakutia sahihi. Alinipigia simu mimi.

"Ustadhi," aliniambia huku analia, "wanataka kumchoma mwanangu vyuma vinavyotokea nje ya mguu. Nifanyeje?"

Nami nikajibu pale pale, wala sikuinuka nilipokaa. Nikamwambia: "Mama, usikubali. Vyuma vya nje ni vya mtu asiye na uwezo. Waambie wamtie msumari kama wangu. Pesa tutachanga."

Wakamwambia kwamba msumari haupo, itabidi ununuliwe kwingine, na kwamba kidonda hakingoji. Lakini yeye alikuwa amekwisha kupata jibu la Ustadhi. Akasema angojee.

Kesho yake baada ya Swala ya Isha nilisimama msikitini nikatoa tangazo. Watu wakachanga, Mwenyezi Mungu awalipe. Nilihesabu faranga zile kwa mikono yangu nikijiona nimefanya jambo kubwa. Asubuhi ya siku ya tatu nilifika hospitali na bahasha mkononi. Kijana alikuwa na homa kali, na kutoka kwenye bandeji ilitoka harufu ambayo sitaisahau. Daktari aliyemkuta asubuhi hiyo alisema kwa upole: "Sasa hata huo msumari hatuwezi kuutia. Tukiutia tutausukuma usaha ndani ya mfupa wote."

Akafungwa vyuma vile vile vya nje nilivyovikataa. Kidonda kilioshwa mara nne kwenye chumba cha upasuaji. Kipande cha mfupa kilikufa kikaondolewa. Miezi kumi na minne ilipita kabla hajakanyaga bila magongo, akapoteza mwaka wa shule, na mguu wake leo ni mfupi kwa kiasi cha sentimita mbili. Kiatu chake cha kushoto kimeongezwa soli.

SOMO LILILONIGEUKIA

Alirudi madrasa akiwa bado na vyuma mguuni. Tulimwekea benchi la peke yake, mguu juu ya mto. Tulikuwa katika mlango wa tohara, na siku moja tukafika kwenye hukumu ya mwenye jeraha. Nilianza kuwaeleza ile habari iliyopokewa na Abu Dawud, ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini kisha akawa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W) alipopata habari aliwalaumu vikali wale waliomjibu, na akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Nimelisomesha somo hilo mara nyingi. Siku ile nilipofika kwenye wale wenzake waliojibu, ulimi ulinikauka. Kijana alikuwa ananitazama, na hakujua. Mama yake hakumwambia hata siku moja ni nani aliyesema wangoje. Akanyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, hao waliojibu, walikuwa na nia mbaya?"

Nikasema hapana, walikuwa wanampenda. Kisha nikafunga kitabu, nikawatoa wengine, nikamweleza yote.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema tu, "Ustadhi, naomba unisogezee magongo." Wiki mbili hakuja. Aliporudi alikaa kwenye benchi lake akafungua kitabu, na mimi nikaendelea pale tulipoachia.

Nilikwenda kwa mama yake kuomba radhi. Aliniambia neno ambalo nataka walimu wenzangu walisikie: "Ustadhi, mimi sikukupigia kwa sababu unajua mifupa. Nilikupigia kwa sababu nilikuwa peke yangu na niliogopa. Ungekuja tu ukakaa na mimi."

NILIKWENDA KUULIZA

Mwaka 2021 nilimrudia daktari aliyenitibu mimi. Nikamwomba anisomeshe kama ninavyosomesha watoto, tangu mwanzo. Nayaandika hapa kama nilivyoyaelewa.

Mfupa wa ugoko una tabia yake. Upapase kwa mbele: hakuna nyama, ni ngozi na mfupa. Kwa hiyo ukivunjika kwa nguvu hutoboa ngozi kwa urahisi, na kwa kuwa nyama ni chache, damu inayoulisha pia ni kidogo, hasa sehemu ya chini. Ndiyo maana unachelewa kuunga. Kwa mtu mzima ni jambo la kawaida kuchukua miezi minne hadi sita, hata mambo yakienda vizuri.

Njia ni nne, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni plasta (hogo). Kama mfupa umepasuka lakini haukuhama sana, na ngozi ni nzima, plasta inaweza kutosha bila kisu. Kasoro yake ni kukaa muda mrefu, viungo kukakamaa, na mfupa kuweza kupinda au kufupika ndani ya plasta bila kuonekana. Kwa hiyo picha za eksirei za kila baada ya muda si za kuruka.

Ya pili ni msumari wa ndani. Daktari Gerhard Küntscher wa Ujerumani ndiye aliyeifanya ijulikane kuanzia mwaka 1939 na 1940, akianzia kwenye mfupa wa paja. Kwa mfupa wa ugoko uliokatika katikati, kwa mtu mzima, ndiyo njia inayochaguliwa zaidi, kwa sababu mgonjwa huweza kukanyaga mapema na mfupa hunyooka vizuri. Kwa kawaida inahitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Lakini mwaka 1999 daktari Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha huko Richland, jimbo la Washington, shirika liitwalo SIGN. Shirika hilo hutengeneza msumari unaoweza kufungwa bila mashine hiyo, kwa kutumia kipimo cha nje kinachoonyesha tundu la skrubu liko wapi, na huzipatia hospitali za nchi maskini.

Ya tatu ni bamba la chuma linalolazwa ubavuni mwa mfupa na kukazwa kwa skrubu. Hufaa zaidi mfupa ukivunjika karibu na goti au karibu na kifundo, kwa sababu huko mfupa umepanuka na msumari haushiki vizuri. Kasoro yake ni kwamba linakaa chini ya ngozi ile nyembamba, na ngozi isipopona, chuma kinabaki wazi. Hata hivyo, Uingereza walilinganisha msumari na bamba kwa watu wazima 321 waliovunjika karibu na kifundo, wakatangaza matokeo mwaka 2017: baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti ya maana katika namna watu walivyoweza kuutumia mguu.

Ya nne ni vyuma vya nje, ambavyo mimi niliviita vya mtu asiye na uwezo. Daktari huingiza pini kupitia ngozi mpaka kwenye mfupa, juu na chini ya mvunjiko, kisha huzifunga kwa fimbo iliyo nje ya mguu. Huchukua muda mfupi kuvifunga, na kidonda hubaki wazi kikaguliwe na kuoshwa. Kama jeraha ni chafu sana, au nyama imeharibika, hii huwa ndiyo njia ya kwanza, hata katika hospitali za matajiri. Kasoro zake ni usaha kwenye matundu ya pini na mfupa kuweza kuunga ukiwa umepinda. Iko pia aina ya mapete, aliyoibuni Ilizarov huko Kurgan, Siberia, katika miaka ya 1950, ambayo hutumika hata kurefusha mfupa uliofupika.

Nilipomaliza kuandika nilimwuliza daktari swali lililonileta: "Basi nilikosea kusema msumari?"

Jibu lake sikulitegemea. Aliniambia kwamba huko Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, madaktari waliwagawa kwa kura wagonjwa waliovunjika ugoko kwa kidonda cha wazi. Wengine walitiwa msumari, wengine vyuma vya nje. Wagonjwa zaidi ya 200 wakafuatiliwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliokufa au kulazimika kurudia upasuaji hawakutofautiana kwa kiasi cha kuhukumu: karibu mmoja katika kila watano pande zote mbili. Wenye msumari walijisikia vizuri zaidi mapema, katika wiki ya sita, na mifupa yao ilipinda kidogo zaidi ya kunyooka mara chache kuliko wenzao; lakini hali za pande mbili zilizidi kukaribiana kadiri mwaka ulivyokwenda.

"Kwa hiyo," akasema, "kwa kidonda cha wazi ambacho si kibaya mno, kilichooshwa vizuri na mapema, msumari si kosa. Vyuma vya nje navyo si kosa. Kosa ni kungoja. Dawa ya kuzuia usaha iingie mapema iwezekanavyo, na kidonda kioshwe vizuri na nyama iliyokufa iondolewe. Chuma gani, hilo linakuja baadaye."

Akaniongezea kwamba hata maji ya kuoshea yamefanyiwa uchunguzi. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,400 wa mivunjiko ya wazi, kidonda kilichooshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali kilihitaji upasuaji wa kurudia mara chache kuliko kilichooshwa kwa sabuni. Maji ya chumvi, jambo jepesi namna hiyo. Na yalikuwapo usiku ule.

Nilitoka pale nikiwa mzito kuliko nilivyoingia. Kama msumari ungekuwa kosa, ningesema nilikosea chuma. Kumbe nilichomnyima yule kijana ni siku mbili.

KWA WENYE VYUMA: UDHU NA SWALA

Kijana aliniambia kwamba miezi ya mwanzo aliacha baadhi ya Swala kwa kuogopa kulowesha matundu ya pini, na aliona haya kuniuliza. Kwa hiyo nalieleza hapa. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mwenye bandeji au plasta huosha sehemu iliyo nzima, hupitisha mkono wenye maji juu ya kilichofunika, na hutayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Wako maulamaa wa madhehebu mengine wanaoona kupaka juu kunatosha. Na daktari akisema maji yasifike, basi yasifike. Hapo ndipo tayamamu ilipowekewa. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala. Swala haina haja ya kuachwa, wala mguu hauna haja ya kuharibiwa. Kwa hali yako mahususi muulize sheikh aliye karibu nawe, na umweleze kwanza alivyosema daktari.

WAZAZI, FANYENI HIVI

Mtoto akivunjika mguu na mfupa ukaonekana, usiurudishe ndani kwa mkono, wala usimwagie mafuta, unga au majani. Funika kwa kitambaa safi, ufunge mguu kwa ubao usicheze, umkimbize hospitali. Hata kama ngozi ni nzima, maumivu yakizidi kupanda badala ya kushuka, ngozi ya mguu ikikaza, vidole vikifa ganzi au kuuma sana vikinyooshwa, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Huo ni uvimbe unaobana damu ndani ya misuli, na mguu unaweza kupotea kwa saa chache. Plasta au vijiti vilivyokazwa mno huweza kuleta balaa hilo hilo. Vijana mnaovuta sigara nanyi jueni kwamba moshi huchelewesha mfupa kuunga.

Ukifika kwa daktari, usiulize "chuma gani ni kizuri?" Uliza: Mfupa umevunjika wapi, katikati au karibu na kiungo? Ngozi ni nzima? Kidonda kitaoshwa saa ngapi? Kwa nini umechagua njia hii kwa mtoto huyu? Tukingoja kutafuta pesa ya njia nyingine, tutapoteza nini? Ningeuliza hilo la mwisho peke yake usiku ule, yangekuwa mengine, Insha Allah.

Nanyi walimu na maimamu wenzangu, watu wanatupigia simu kabla ya kumpigia mtu mwingine. Ni amana hiyo. Si kila swali linaloletwa kwetu ni letu kulijibu. Siku hizi nikipigiwa simu ya namna hiyo nasema, "Sijui, lakini nakuja." Navaa viatu naenda. Nakaa na mama kwenye benchi, namwita daktari, namwuliza maswali yale mbele yake, kisha namwachia yeye aamue.

Yule kijana sasa ni fundi cherehani, ana duka lake dogo hapa hapa Buyenzi. Kanzu niliyovaa Idi iliyopita aliishona yeye. Aliponipima urefu alipiga goti la mguu mzima, ule mfupi akaunyoosha pembeni, akaandika kipimo. Nilimwuliza bei. Akanitajia bei kamili, hakunipunguzia hata faranga moja, nami nikailipa kwa furaha.

Nakuombeni mtuombee dua, mimi na yeye. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuuliza kabla ya kujibu. Amin.

Wabillahi tawfiq.